Riwaya Ambazo Simu Yangu Haizipati

Mimi husoma kwenye simu. Nalisema hilo mapema ili msomaji asinidhanie kuwa mkusanyaji wa vitabu vya kale anayelalamika kwamba rafu yake haijajaa. Rafu sina. Nina simu yenye kioo kilichopasuka pembeni, na ndani yake vitabu zaidi ya mia: sarufi za lugha za Kibantu, kamusi, riwaya za Kiswahili, na bunilizi za kisayansi za Kiingereza ambazo nimezipenda tangu nilipoanza kujifunza lugha hiyo. Wengi wetu katika kitivo tunasoma hivyo. Tunanunua mega, tunapakua, kisha tunasoma usiku hata umeme ukikatika. Kitabu cha karatasi kilichochapishwa London mwaka 1995 sijakiona katika duka lolote la mji wetu, na gharama ya kukileta huku huzidi bei yake. Kwa hiyo kitabu kisicho na nakala ya kielektroniki, kwangu mimi, ni kitabu kisichokuwapo.

Swali la nakala hizo lilinijia nilipokuwa natafuta mifano kwa kazi ya somo la uundaji wa maneno. Nilitaka kuona jinsi waandishi wa bunilizi wanavyoyapa majina mambo yasiyokuwapo duniani: wanachagua sauti zipi, silabi za muundo gani, na kwa nini majina ya viumbe wabaya mara nyingi hujaa konsonanti ngumu. Niliamua kutumia riwaya zinazotokana na Doctor Who, tamthilia ya televisheni iliyoanza kuonyeshwa na BBC ya Uingereza tarehe 23 Novemba 1963. Kwa asiyeijua, ni hadithi ya msafiri aitwaye Daktari, anayepita katika wakati na anga ndani ya chombo chenye umbo la kibanda cha polisi. Anapokaribia kufa hubadilika sura na kuwa mtu mwingine, na ndiyo maana waigizaji wengi wamepokezana nafasi hiyo.

Tamthilia hiyo ilisimama mwaka 1989. Baadaye, kampuni ya vitabu ya Virgin ilipata leseni ya kuendeleza hadithi kwa maandishi. Kati ya 1991 na 1997 ilitoa riwaya 61 za Daktari katika mfululizo wa New Adventures, na nyingine 33 katika mfululizo wa Missing Adventures. Jumla ni riwaya 94, akiba tosha kwa mtafuta maneno kama mimi. Nilipoanza kuzitafuta katika maduka ya vitabu vya kielektroniki nilizipata chache sana, zile zilizotolewa upya baadaye. Nyingine zote hazikuwapo kwa bei yoyote. Riwaya mpya za Daktari zilikuwapo tele, na hata baadhi ya vitabu vidogo vya miaka ya 1970. Katikati palikuwa na shimo.

Mtu anaweza kusema: labda zilikuwa riwaya mbovu. Hapana. Russell T Davies, aliyeirudisha tamthilia kwenye televisheni mwaka 2005, aliandika mojawapo, Damaged Goods, mwaka 1996. Mark Gatiss aliandika Nightshade mwaka 1992, na baadaye akaiandikia tamthilia yenyewe. Human Nature ya Paul Cornell, ya mwaka 1995, ilipendwa kiasi kwamba mwaka 2007 Cornell mwenyewe aliigeuza kuwa hadithi ya televisheni. Hili lilikuwa karakana ambamo kizazi cha waandishi kilijifunza kazi. Basi kwa nini mlango wake umefungwa?

Kabla ya kujibu, nahitaji jina la aina hii ya riwaya, yaani riwaya iliyoandikwa juu ya ulimwengu wa filamu au tamthilia ya mtu mwingine. Nitaiita riwaya tegemezi, nikifuata mfano wa kishazi tegemezi tunachofundishwa mwaka wa kwanza. Kishazi tegemezi kina kiima chake na kitenzi chake, kina maana yake pia, lakini hakisimami peke yake. Kinaegemea kishazi kikuu. Riwaya tegemezi ni hivyohivyo. Ina mwandishi wake, visa vyake na mtindo wake, lakini imeegemea kitu ambacho mwandishi hakukibuni wala hakimiliki. Ukiliweka hilo akilini, mengi yanayofuata yataeleweka.

Sababu ya kwanza ingemfurahisha mwalimu yeyote wa semantiki, kwa sababu ni ugomvi juu ya neno moja: kitabu.

Mikataba mingi ya zamani ilimpa mchapishaji haki ya kuchapa na kuuza kazi ya mwandishi kwa umbo la kitabu. Wakati ule hakuna aliyeona haja ya kuuliza kitabu ni nini. Mwaka 2001 swali hilo lilifika mbele ya jaji Sidney Stein huko New York. Kampuni changa iliyoitwa RosettaBooks ilikuwa imefanya makubaliano na waandishi watatu, William Styron, Kurt Vonnegut na Robert B. Parker, ili iuze kazi zao kwa njia ya kielektroniki. Random House, iliyokuwa na mikataba ya kuzichapa kazi hizo tangu miongo iliyopita, ilishtaki ikisema kwamba haki hiyo ni yake: kitabu ni kitabu, kiwe cha karatasi, kiwe cha kompyuta. Jaji alifungua kamusi, na kamusi aliyoifungua ilikuwa ya Random House yenyewe. Humo aliona kwamba kitabu hufafanuliwa kuwa kazi iliyoandikwa au kuchapwa, kwa kawaida kwenye karatasi zilizofungwa pamoja ndani ya majalada. Akakataa kuizuia RosettaBooks, kwa hoja kwamba umbo la kitabu, kama mkataba ulivyosema, halikuwa na nakala ya kielektroniki ndani yake. Mwaka 2002 mahakama ya rufaa iliunga mkono uamuzi huo, na baadaye pande mbili zikapatana.

Sisi wa Kiswahili tungeweza kubishana na kamusi ile. Neno letu kitabu limetoka Kiarabu, katika mzizi unaohusu kuandika. Karatasi haimo ndani yake. Sisi ndio tulioisikia silabi ya kwanza kama kiambishi cha ngeli, tukapata vitabu, na safari ikaendelea. Lakini mahakamani etimolojia haina kiti. Kilichoangaliwa ni kile ambacho watu wawili walikuwa nacho akilini walipotia saini, na watu wa miaka ya 1960 hawakuwa na simu akilini.

Maneno mengine yalizaa hukumu nyingine. Jean Craighead George alitia saini mkataba wa riwaya yake ya watoto, Julie of the Wolves, mwaka 1971. Mkataba huo ulikuwa na kifungu kilichotaja matumizi ya kompyuta na njia nyingine za kielektroniki, zilizokwisha kujulikana na zile ambazo zingebuniwa baadaye. Kampuni ya Open Road ilipotoa nakala ya kielektroniki kwa ridhaa ya mwandishi, HarperCollins ilikwenda mahakamani, na mwaka 2014 ilishinda. Mikataba yote hii ni ya Marekani, na yote ni ya kabla ya zama za vitabu vya kielektroniki. Mstari mmoja ulimnyima mchapishaji, mstari mwingine ukampa. Nani kasema sarufi haina faida?

Riwaya hizo za mahakamani hazikuwa tegemezi, na hapo ndipo tofauti inapoanza kuuma. Mwandishi wa riwaya ya kawaida akigundua kwamba mkataba wake wa zamani haukutaja nakala ya kielektroniki, au kitabu kikiacha kuchapwa na haki zikamrudia, anaweza kwenda kwa mchapishaji mwingine, au hata kukitoa mwenyewe. Waandishi wengi wamefanya hivyo. Mwandishi wa riwaya tegemezi hawezi. Haki ya maneno aliyoyaandika inaweza kumrudia, lakini Daktari, chombo chake na maadui zake havimrudii kwa sababu havikuwa vyake. Mkononi mwake kuna kishazi, na kishazi kikuu kimeondoka.

Nimejaribu kumweleza jambo hili ndugu yangu, asiyejali sana riwaya, kwa mfano wa nyumba. Fikiria kiwanja, au parseli kama tunavyosema hapa, ambacho mwenyewe ni BBC. Virgin inakikodi kwa miaka kadhaa na kupewa ruhusa ya kujenga. Virgin inawaita mafundi 94, kila mmoja anajenga chumba chake, na matofali ya vyumba vingi yanabaki kuwa mali ya fundi. Muda wa kukodi unakwisha. Mwenye kiwanja hawezi kuuza vyumba, maana matofali si yake. Fundi hawezi kukaribisha wapangaji, maana ardhi si yake. Mkodishwaji naye ameshaondoka na ufunguo. Nyumba ipo, imara, na hakuna anayelala humo. Ndugu yangu alicheka, akasema anazijua nyumba tatu za namna hiyo mtaani kwetu, za warithi wasioelewana.

Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1996 palitolewa filamu ya televisheni ya Daktari, na BBC ikaamua kuchapisha riwaya zake yenyewe. Leseni ya Virgin haikuendelea. Mojawapo ya riwaya zake za mwisho zenye Daktari, The Dying Days ya Lance Parkin, ilitoka mwaka 1997, na mwaka huohuo BBC Books ikaanza mfululizo wake. Kwa kuwa leseni ilikuwa imekwisha, Virgin haikuweza tena kuzichapa zile za zamani, na wakati huo soko la vitabu vya kielektroniki lilikuwa bado halijasimama. Zilikosa gari kwa miaka michache tu.

Sababu ya tatu imo ndani ya hadithi zenyewe. Katika televisheni ya Uingereza ya miaka hiyo, mwandishi wa nje aliyebuni kiumbe au mhusika aliweza kubaki na haki zake. Terry Nation, aliyebuni viumbe waitwao Daleks, alibaki na sehemu ya haki zao, na baada ya kufa kwake mwaka 1997 haki hizo zikaenda kwa warithi. Brigedia Lethbridge-Stewart, askari mwenye masharubu anayependwa sana na watazamaji, alibuniwa na Mervyn Haisman na Henry Lincoln. Kwa sababu hiyo kampuni ndogo ya Wales, Candy Jar, imeweza kutoa riwaya za Brigedia bila ya kuwa na leseni ya Daktari. Virgin nayo iliendeleza desturi hiyo kwa waandishi wake. Bernice Summerfield, mwanaakiolojia aliyeingia katika riwaya Love and War mwaka 1992, ni wa Paul Cornell aliyembuni. Ndiyo maana leseni ilipokwisha, Bernice aliendelea kuishi: Virgin ilitoa riwaya zake pekee hadi 1999, na kampuni ya Big Finish ikamtengenezea michezo ya kusikiliza kuanzia 1998.

Sasa chukua riwaya moja ambamo Daktari, Bernice na Brigedia wanakutana. Atakayetaka kuitoa kwa njia ya kielektroniki anapaswa kuongea na BBC kuhusu Daktari, na Cornell kuhusu Bernice, na wenye Brigedia, na mwandishi wa riwaya au warithi wake, na aliyechora jalada kama anataka jalada lilelile. Kila mmoja ana haki ya kusema hapana, na hakuna mwenye haki ya kusema ndiyo kwa niaba ya wenzake. Kisha azidishe kazi hiyo mara 94, kwa vitabu ambavyo kila kimoja huenda kikauzwa kwa mamia tu. Si ajabu kwamba mhasibu hufunga daftari kabla mwanasheria hajafungua lake.

Linganisha na Star Wars. Riwaya zake, tangu Splinter of the Mind's Eye ya Alan Dean Foster ya mwaka 1978, ziliandikwa chini ya kampuni moja iliyoshika hakimiliki ya kila kitu: ulimwengu, wahusika wa zamani, na wahusika wapya aliowabuni mwandishi. Siku mwenye mali alipotaka riwaya za zamani ziwe za kielektroniki, hakuhitaji kubisha hodi katika milango mitano. Leo nyingi za riwaya hizo zinapatikana, na nimesoma kadhaa usiku mmoja mmoja.

Hapo nilikaribia kufikia hitimisho jepesi, kwamba afadhali haki zote ziwe mkononi mwa mmoja ili kitabu kiishi. Kisa cha Foster kilinizuia. Mnamo Novemba 2020 yeye na chama cha waandishi wa bunilizi za kisayansi cha Marekani walieleza hadharani kwamba Disney, baada ya kuinunua Lucasfilm na kisha kampuni iliyokuwa na filamu za Alien, ilikuwa haimlipi mirabaha ya riwaya zake za zamani, ilhali vitabu vilikuwa vinaendelea kuuzwa. Baadaye suala lake lilimalizwa kwa makubaliano. Lakini tazama picha iliyobaki. Upande mmoja, mwandishi mwenye haki zake na kitabu kisichosomeka. Upande mwingine, kitabu kinachosomeka duniani kote na mwandishi aliyelazimika kupaza sauti ili alipwe. Mkataba uliomheshimu mwandishi ndio uliokifunga kitabu, na mkataba uliokiachia kitabu ndio uliombana mwandishi. Kila nikisoma orodha ya riwaya hizo 94 nakumbuka kwamba ukimya wake ni bei ya kitu kizuri: Bernice ni wa aliyembuni.

Ipo sababu ya nne, ya kawaida zaidi, nayo ni kazi ya mikono. Kitabu cha 1992 mara nyingi hakina faili linaloweza kufunguliwa leo. Inabidi nakala ya karatasi itafutwe, ikatwe mgongo, kila ukurasa upigwe skani, kisha programu ya kutambua herufi igeuze picha kuwa maandishi, na hatimaye mtu asome prufu mstari kwa mstari. Bunilizi ya kisayansi ni adui wa programu hizo. Programu hukisia neno lililofifia kwa kulilinganisha na maneno inayoyajua, na riwaya hizi zimejaa majina ambayo hakuna kamusi inayoyajua. Sisi tunaifahamu shida hiyo. Mwenzetu yeyote aliyewahi kupiga skani matini ya Kiswahili kwa programu iliyofunzwa Kifaransa ameona ng'ombe akigeuka kuwa kitu kisicho na pembe wala mkia.

Hiyo pia ndiyo sababu sikutumia nakala za magendo. Zipo, mashabiki walizipiga skani kwa upendo na kuzisambaza, na mwenzangu mmoja alinitumia furushi zima kwa WhatsApp akisema, "Chukua, kaka, usijisumbue." Siwatukani watu hao, huenda siku moja kazi yao itakuwa ndiyo hifadhi pekee iliyobaki. Lakini kazi yangu inahusu maumbo ya maneno, na jina lililobuniwa likipoteza konsonanti moja katika skani sina njia ya kujua kama ni mwandishi aliyeiacha au ni mashine iliyoimeza. Tena mwandishi halipwi chochote. Profesa wangu nilipomuuliza alinijibu kwa ufupi: "Mwanangu, data usiyoweza kuithibitisha si data." Nikabadilisha mada ya kazi, nikatumia riwaya zinazopatikana kihalali. Riwaya 94 zikabaki nje ya utafiti wangu, na naamini zimebaki nje ya tafiti za wengine wengi wa mbali kama mimi. Kitabu kisichofikika hakitajwi, kisichotajwa hakiombwi, kisichoombwa hakitolewi tena.

Nisiseme kwamba jambo haliwezekani. Miaka ya mwanzo ya karne hii, BBC iliweka riwaya chache za Virgin kwenye tovuti yake zisomwe bure, zikiwamo Human Nature, Nightshade na Lungbarrow ya Marc Platt, ambayo nakala zake za karatasi huuzwa kwa bei kubwa sana kwa wakusanyaji. Baadaye zikaondolewa. Human Nature ilitolewa upya na BBC Books mwaka 2015. Riwaya za Aliens zilizochapishwa na Bantam miaka ya 1990 zilipata bahati zaidi: mchapishaji mpya, Titan, alichukua leseni na kuanza kuzitoa upya mwaka 2016 zikiwa zimeunganishwa katika majuzuu. Kumbe mlango hufunguka akipatikana mtu mmoja mwenye ufunguo na sababu ya kuutumia. Na kinachoshangaza zaidi ni kwamba Virgin Books na BBC Books leo ziko chini ya paa moja, ndani ya kundi la Penguin Random House. Wapinzani wa 1997 sasa wanatumia korido moja, na nyumba ya vyumba 94 bado ina giza.

Nimeleta habari hizi katika jarida letu kwa sababu sisi pia, katika kitivo hiki, huandika mikataba, ingawa hatuiiti hivyo. Kila mmoja wetu anayekwenda vijijini kurekodi ngano, methali au nyimbo hubeba karatasi ya ridhaa. Msimulizi huweka saini au dole gumba. Karatasi tuliyokuwa tukiitumia katika kundi letu ilisema kwamba msimulizi anakubali masimulizi yake "yatumike katika kitabu". Muhula uliopita mama mmoja mzee, baada ya kusomewa sentensi hiyo kwa lugha yake, aliniuliza: "Kitabu hicho, baba, kitaingia katika simu za wajukuu wangu wa mjini?" Nikamwambia, "Mama, karatasi hii haisemi." Akasema anataka kiingie, wasikie sauti yake, ila asitokee mtu wa kukiuza bila watoto wake kujua. Kwa sentensi mbili mama huyo alitaja yote yaliyowashinda watu wa London: njia iwe pana, na mwenye mali ajulikane.

Sisi tuna mfano wetu wa kuigwa. Mwaka 1965, hapa Katanga, André Yav alikusanya historia ya mji wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kwa niaba ya chama cha watumishi wa zamani wa majumbani. Waliiandika kwa Kiswahili cha mji wao na kuipiga kwa mashine ya kuchapa. Haikuwa na mchapishaji mkubwa wala duka la kuiuza. Johannes Fabian aliichapisha mwaka 1990 pamoja na tafsiri na maelezo, na baadaye matini yakawekwa kwenye intaneti yasomwe bure. Ninayo kwenye simu. Kijitabu cha watumishi wa Lubumbashi kimenifikia, na riwaya zilizojaza maduka ya Uingereza hazijanifikia. Kilichoamua si umaarufu wala fedha. Kilichoamua ni kwamba palikuwa na mtu aliyejali kufungua njia, na hapakuwa na ukuta wa ruhusa usioweza kurukwa.

Kwa hiyo natoa pendekezo, dogo na la kazi. Tuiandike upya karatasi yetu ya ridhaa. Iseme, kwa lugha ambayo msimulizi anaielewa, kwamba masimulizi yanaweza kutolewa kwa karatasi, kwa sauti, kwa njia ya simu na kompyuta, na kwa njia zitakazokuja ambazo leo hatuzijui. Iseme kwamba mwenye masimulizi anabaki kuwa yeye na ukoo wake, na kwamba hayauzwi bila kuwauliza. Iseme pia ni nani wa kuulizwa atakapokuwa hayupo, kwa jina, mtu mmoja, ili ruhusa isigawanyike vipande visivyokusanyika. Na iseme kwamba kitivo kikishindwa kuyatoa kwa muda uliotajwa, haki zote zirudi nyumbani. Sentensi nne. Nimeshaziandika kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Nahitaji wenzangu wa kuzitafsiri kwa lugha nyingine tunazozifanyia utafiti, na walimu wa kuzipekua neno kwa neno kabla ya safari zijazo. Tuanze na neno kitabu. Tukubaliane kwanza linabeba nini.